Mdogo wangu alitobokwa na kidonda cha tumbo, kafanyiwa operesheni, sasa anasema amepona na kliniki harudi

Dada wa Wanne

Habari zenu wadau, naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumegawanyika. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, wiki tatu zilizopita usiku tumbo lilimshika ghafla, siyo ile kuungua ya kila siku aliyokuwa anailalamikia halafu inapita, hapana, hii alisema ni kama kachomwa kisu, akaanguka akajikunja hataki hata kuguswa na tumbo likawa gumu kama ubao. Tulivyofika hospitali wakapiga eksirei wakasema kuna hewa imeonekana mahali isipotakiwa kuwepo, maana yake kidonda kimetoboa, akaingia chumba cha operesheni usiku uleule.

Amekaa siku nane karuhusiwa. Akarudi mara moja kutolewa nyuzi, mshono umekauka vizuri kwa kweli. Tarehe ya pili ya kliniki ni wiki ijayo na ndipo kasheshe ilipo, kagoma. Anasema ameshonwa, ameshapona, anakula, anacheka, anaenda kukaa foleni ya nini. Kumbe hata zile omeprazoli, dawa za kupunguza asidi ya tumbo, alishaziacha tangu siku ya kumi eti kwa sababu hasikii maumivu. Na jana nimemkuta anapiga danadana nje!! Mama naye upande wa pili anamlazimisha maziwa kila baada ya saa mbili na anataka asile kitu chochote kigumu mpaka mwisho wa dunia.

Sasa mimi niko katikati. Hivi mtu akishashonwa kliniki anafuata nini hasa? Dawa anatakiwa aendelee mpaka lini? Na mpira je? Aliyewahi kupitia hii au anayefanya kazi huko naomba anisaidie, nataka nikamwambie kitu chenye mashiko maana nikimwambia "nenda tu" ananicheka.

mshono_mrefu

Dada pole sana na mpe pole mgonjwa. Umenikumbusha mbali. Mi ilinikuta nikiwa na miaka 22, huyo mdogo wako ni mimi kabisa yaani hata maneno ni yaleyale, "nimeshonwa nimepona". Na ukweli ni kwamba unapona kweli haraka ukiwa kijana, ndo ubaya wake, wiki ya tatu unajisikia kama hakuna kilichotokea, mzee wa kitanda cha jirani bado anatembea ameshika ukuta na wewe unapanda ngazi mbilimbili. Basi sikurudi. Dawa nikaacha, karatasi nikatupa.

Mwaka na nusu baadaye nikaanza kupata choo cheusi tii kama lami, kinanuka vibaya, nikajua ni chakula tu, siku ya tatu nikatapika damu nikaanguka bafuni. Wamenilaza, wakaniongeza damu, wakapitisha kamera mdomoni mpaka tumboni wakakuta kidonda kipya karibu na palepale pa zamani. Daktari aliyekuja asubuhi aliniuliza swali moja tu, ulitibiwa bakteria? Nikamwuliza bakteria gani. Akatikisa kichwa. Ile mara ya kwanza hakuna aliyenipima, au labda walipanga kunipima siku ile ya kliniki ambayo sikwenda, sitaki kumlaumu mtu.

Alichoniambia nimekishika mpaka leo: operesheni imeziba tundu, haijatibu kilichotoboa. Hebu mwambie hivyo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Dada wa Wanne hongera kwa kuuliza. Niko wodi ya upasuaji miaka mingi na nakwambia wagonjwa wa aina hii vijana ndio wanaoongoza kupotea kliniki.

Ngoja nimweleze kwa lugha rahisi umsomee. Kidonda kikitoboa, asidi na chakula vinamwagika kwenye tumbo lote, ndo ile tumbo kuwa ubao. Mpasuaji anachofanya mara nyingi ni kuosha humo ndani kwa maji mengi ya chumvi, halafu anavuta kipande cha lile pazia la mafuta linalofunika utumbo anakishonea juu ya tundu kama kiraka cha tairi. Mbinu ya zamani hiyo, daktari mmoja wa Canada anaitwa Roscoe Graham aliiandika 1937 na mpaka leo tunaitumia. Sasa kiraka kiko nje. Ndani kidonda bado ni kidonda, kinatakiwa kifunge chenyewe, na asidi ikirudi kwa nguvu kwa sababu mtu kaacha omeprazoli siku ya kumi... umeelewa. Dawa hizi huwa zinaandikwa wiki 4 mpaka 8, inategemea kidonda na daktari wake. Maumivu kuisha siyo kipimo cha kidonda kufunga, kuna vidonda havina maumivu kabisa mpaka siku vinapotoboa. Arudie dawa leo, nusu saa kabla ya kula, na siku ya kliniki aseme ukweli kwamba aliacha, asiogope kugombezwa.

Halafu dada mambo ambayo ukiyaona usisubiri tarehe ya kliniki, unambeba muda huohuo: homa, mshono kuvimba au kutoa usaha, tumbo kuuma upya ghafla, choo cheusi au kutapika damu. Kutapika chakula alichokula tangu jana na kushiba haraka mno nako siyo kawaida, njia ya kutokea chakula inaweza kuziba kwa makovu. Usaha unaweza kujikusanya ndani ya tumbo wiki kadhaa baada ya operesheni wakati nje mshono unapendeza kabisa, mgonjwa anapungua, anatetemeka jioni, wengine wanapata kwikwi isiyoisha au kuharisha makamasi watu wakadhani ni malaria au chakula. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi ghafla, hiyo ni damu iliyoganda, hiyo ni dharura.

Na hili moja ni la miaka yote siyo la mwezi huu: mtu aliyewahi kufunguliwa tumbo utumbo wake unaweza kushikana ndani. Siku yoyote hata baada ya miaka kumi tumbo likijaa, anatapika na hewa haitoki chini, hospitali, na aseme "niliwahi kupasuliwa".

Maziwa mwambie mama ayapunguze kwa upendo 😄 yanapoza dakika chache halafu yenyewe yanaamsha asidi. Ale chakula cha kawaida kidogokidogo mara nyingi hizi wiki za mwanzo, kinachomsumbua akiache, basi.

mkavu77

Mnamtisha mtoto wa watu bure. Vidonda vya tumbo ni mawazo tu, stresi. Mi nina mjomba alivichemshia mizizi akapona bila hospitali. Hizo dawa za kila siku ndo zinaharibu figo. Apumzishe akili, anywe mizizi, aache kuwaza.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mkuu mkavu77 huyu kijana tumbo lilitoboka, tulia kidogo. Mizizi usiyojua kiasi chake juu ya kidonda cha wiki tatu hapana jamani.

Intani Mchovu

Naongezea kwa sababu mkavu77 kagusa kitu ambacho hata madaktari waliamini miaka mingi, kwamba ni mawazo na asidi basi. Walioligeuza hilo ni Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walikuta bakteria kwenye tumbo la wagonjwa wa vidonda, wenzao wakawacheka, Marshall 1984 akakorogea wale bakteria kwenye maji akanywa mwenyewe akaugua tumbo kweli. 2005 wakapewa Nobel. Bakteria huyo ndo Helicobacter pylori, wengi tunasema H. pylori tu, na ndiye ambaye mshono_mrefu hakupimwa.

Kwa nini nakomalia huyu bakteria: kuna utafiti ulifanyika Hong Kong ukachapishwa 2000, waliochukuliwa ni watu walioshonwa tundu la aina hii na walikuwa nao hao bakteria. Waliopewa dawa za kuua bakteria, baada ya mwaka mmoja kidonda kilirudi kwa asilimia 4.8 tu, waliopewa dawa ya asidi peke yake ni asilimia 38.1. Yaani zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu. Msomee mdogo wako hiyo namba halafu mwulize anataka kuwa kundi gani.

Dada nina maswali mawili ambayo yanabadilisha kila kitu. La kwanza kidonda kilikuwa wapi, kwenye tumbo lenyewe au mwanzo wa utumbo mdogo? Angalia kwenye karatasi ya ruhusa. La pili, alikuwa anameza dawa gani za maumivu kabla? Mwulize vizuri, usimwulize "unatumia dawa?" maana atasema hapana, watu hawahesabu vidonge vya kununua dukani kama dawa. Na sigara.

Dada wa Wanne

Jamani asanteni sana, nimelia kidogo niliposoma ya mshono_mrefu.

Nimeipata karatasi, nimempigia picha rafiki yangu akanisaidia kusoma, wameandika ni mwanzo wa utumbo mdogo, upande wa mbele. Na kuhusu dawa mmenifungua macho. Kumbe goti lilikuwa linamsumbua tangu mwaka jana kwa ajili ya mpira, alikuwa anameza diklofenaki karibu kila siku ya mazoezi, mara nyingi kabla hajala, miezi na miezi, hakuna aliyejua. Na sigara nimeambiwa na mdogo wake wa mwisho, yeye mwenyewe kakaa kimya akaangalia dari. Sasa kama ni diklo ndo imetoboa si basi bakteria hatuna haja ya kumpima? Aache tu diklo yaishe?

Intani Mchovu

Hapana, na hapa ndo wengi wanapotelea. Kupata sababu moja hakufuti nyingine. H. pylori na dawa hizo zikikutana kwa mtu mmoja hatari inapanda kuliko kila kimoja peke yake, kwa hiyo anapimwa hata kama diklo imekiri kosa.

Kipimo chenyewe kinaweza kuwa cha choo au cha kupuliza pumzi, kamera si lazima. Sasa sikiliza kwa makini maana kuna mtego. Omeprazoli inamfanya bakteria ajifiche, na zile antibayotiki alizochomwa wodini zinamlegeza bila kummaliza. Ili jibu la "hayupo" liaminike inatakiwa omeprazoli iwe imesimama wiki 2 na antibayotiki ziwe zimepita wiki 4. Jibu la "yupo" likitoka hata sasa hivi, hilo linaaminika, atibiwe. Ila USIMWACHISHE omeprazoli wewe nyumbani eti ili kipimo kitoke vizuri, kidonda ni kibichi, hiyo hesabu ni ya daktari kupanga. Na kile kipimo cha damu cha kuangalia kinga kisimdanganye mtu baadaye, kinaendelea kusema "yupo" muda mrefu hata bakteria wakishakufa, hakifai kuangalia kama umepona.

Akikutwa naye, dozi kwa kawaida ni siku 14, omeprazoli pamoja na antibayotiki mbili au zaidi, amoksilini, klarithromaisini, metronidazoli, inategemea anakoishi bakteria wamezoea dawa gani. Wengine wanaongezewa dawa inayoitwa bismathi, hiyo inafanya choo kiwe cheusi msije mkakimbia usiku, ila kama hanywi bismathi na choo ni cheusi kimbieni. Kama aliwahi kuvimba au kuwashwa kwa penisilini aseme kabla. Pombe aweke pembeni siku zote hizo.

Halafu sehemu inayosahaulika kuliko zote: kupimwa tena baada ya dozi kuona kama wamekufa kweli, angalau wiki 4 baada ya antibayotiki kuisha na wiki 2 bila omeprazoli. Dozi kushindwa siyo kitu cha ajabu, na ikishindwa hakuna kengele inayolia.

Kuhusu kamera, kwa kuwa chake ni cha utumbo mdogo, saratani pale ni nadra sana, wengine hawatapitishiwa kabisa kama dalili zimeisha. Kingekuwa cha tumbo lenyewe ningekuambia asikubali kukosa, maana hicho hata kwa kijana kinatakiwa kuangaliwa baada ya wiki 6 mpaka 8 na kutolewa vipande vidogo vya nyama vikapimwe, kuna saratani inayojivika sura ya kidonda.

Na mwisho kabisa, kama bakteria hayupo kwa kipimo cha kuaminika, na isingekuwa diklo, au vidonda vikirudirudi, au viko vingi na anaharisha, kuna ugonjwa mmoja adimu wa kivimbe kinachomwaga homoni ya kuamsha asidi. Kwa kijana lazima mtu aukumbuke, hasa kama kwenye ukoo kuna watu wenye matatizo ya tezi au mawe ya figo. Yeye na hiyo diklo yake sidhani, ila daktari aulize.

mshono_mrefu

Intani umetema madini. Mimi naongezea ya mtaani tu.

Mpira dada, mficha viatu. Kutembea anatakiwa atembee sana tena kila siku, lakini ule mshono wa katikati ya tumbo ngozi inafunga wiki mbili na nyama ya chini bado haina nguvu. Mi niliambiwa wiki 6 nisinyanyue kitu kizito, na mambo ya kugongana na kupigwa viwiko nisubiri daktari aseme mwenyewe. Jamaa niliyelazwa naye alianza kubeba mizigo wiki ya nne, akatoka henia pale kwenye mshono, akikohoa unaona tumbo linachungulia, akarudi kupasuliwa tena kwa ajili ya haraka ya wiki mbili. Aliyefanyiwa kwa matundu madogo ya kamera anaweza kurudi mapema zaidi lakini huyu wako inaonekana alifunguliwa.

Goti nalo litibiwe! Maana likiuma tena atarudi kwenye diklo, hamna namna. Akitaka dawa ya maumivu ni parasetamoli, na kila akienda popote hata kwa daktari wa meno aseme "mimi nilitobokwa na kidonda". Diklo, ibuprofeni, asprini, zote ni ukoo mmoja, hata sindano, kuna watu wanadhani sindano haipiti tumboni. Na zile dawa za mafua za mchanganyiko asome nyuma, nyingine mle ndani wameficha ibuprofeni au asprini.

Na usiku je analala? Mi nilikuwa nikisikia gesi tu moyo unaenda mbio nadhani kimetoboka tena. Sikumwambia mtu. Kijana wa miaka 19 hatasema naogopa, atakwambia amepona.

Binti Kimya

Nimekuwa nasoma tu, ila kwa dada zangu wanaopita hapa, mimi kilichonitoboa ni ibuprofeni za maumivu ya mwezi. Kila mwezi tangu sekondari, siku tatu nne, mara mbili ya kilichoandikwa kwenye pakiti, tumbo tupu. Nilikuwa na 20. Baada ya operesheni walinipa orodha ya "usitumie" na hakuna aliyeniambia sasa nitumie nini mwezi ukija, nikakaa nalia na chupa ya maji ya moto. Ni mpaka nilipouliza kliniki ndo nikapelekwa kwa daktari wa wanawake, nikapangiwa njia nyingine kabisa na sasa nafanya kazi siku zote. Kwa hiyo kliniki siyo tu kuangaliwa mshono, ni mahali pa kuuliza yale ambayo wodini hukuyawaza.

mkavu77

Sawa nimekubali ya bakteria. Mjomba mwenyewe nimempigia, kumbe alikunywa na vidonge vya siku 14 hakusema.

Nesi wa Zamu ya Usiku

😂😂 mkuu tunakusamehe, mpe mjomba salamu.

Dada usisahau sigara, zinachelewesha kidonda kufunga na zinakirudisha. Usimgombeze mbele za watu, mwambie tu daktari anajua, atulie akasaidiwe kuacha.

Dada wa Wanne

Wadau narudisha majibu. Alikwenda!! Sikumpeleka mimi, nilimpa simu asome mwenyewe huu uzi toka juu mpaka chini, alikaa kimya kama nusu saa halafu akauliza "huyu wa kutapika damu bafuni ni mtu wa kweli?" Nikamwambia muulize. Sijui kama alikuuliza, mshono_mrefu. Usiku huo ndo akaniambia huwa anaamka saa tisa anajishika tumbo.

Kliniki alisema yote, diklo, sigara, kuacha dawa. Daktari hakumgombeza. Kipimo cha choo kimetoka yupo, H. pylori yupo, kwa hiyo kama Intani alivyosema hatukuwa na haja ya kubishana na jibu. Leo ni siku ya tatu ya dozi, analalamika mdomo una ladha ya chuma na vidonge ni vingi kama karanga, lakini anameza, tumeweka alamu kwenye simu yake na yangu. Kipimo cha marudio tumeandikiwa tarehe kabisa, nimeibandika mlangoni kwa ndani. Goti amepewa rufaa ya mazoezi ya viungo.

Mama amekubali maziwa mara moja kwa siku. Viatu vya mpira viko kwangu kabatini na ufunguo ninao, akisoma hapa ajue hivyo.

mshono_mrefu

Aliniuliza dada. Tumeongea saa nzima. Anataka kujua wiki ya sita inaanza kuhesabiwa toka siku ya operesheni au siku ya kutoka hospitali, nikamwambia amuulize daktari, mimi siingii kesi ya viatu.